Na jasusi hajui kuandika?

Boksi lilikuwa juu ya meza ya mnada, pale diko la Tumbe, Pemba, kati ya fungu la changu na fungu la kibua, na dalali hakutaka kuligusa.

Lilikuwa la ile plastiki nyeupe nyepesi inayokuja na televisheni mpya, dogo, linaenea kwenye viganja viwili. Ubavuni limechomoza kijiti chenye waya mwembamba. Limefungwa kamba ndefu, na mwisho wa kamba kuna vipande vya mpira uliochanika, vimeshabadilika rangi kwa jua na chumvi. Mvuvi aliyelileta alisema ameliokota linaelea, alfajiri, akitoka kwenye nyavu. Hakuongeza neno. Wenye maneno tulikuwa sisi tuliokwenda kununua samaki.

Mmoja akasema ni bomu. Mwengine akasema bomu halielei. Kijana akalipiga picha, na hata mkono hajaushusha, mzee aliyekaa juu ya ndoo akamwambia aifute: ukiituma utaitwa ukaeleze. Ikasemwa aitwe sheha, mkuu wa eneo. Na sheha naye amwite nani, polisi au KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kulinda bahari? Au ni kazi ya jeshi, maana ulinzi ni jambo la Muungano? Hapo mjadala ukaliacha boksi ukaingia kwenye Katiba, ndiyo ada yetu.

Mimi nikaligeuza. Chini palibandikwa karatasi yenye Kiingereza kilichofifia: chombo cha kupimia hali ya hewa, hakina madhara. Nikawasomea kwa sauti, na ile raha ya mtu anayemaliza ubishi.

Mzee wa ndoo akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, na jasusi hajui kuandika?"

Watu wakacheka, mnada ukaendelea, boksi likachukuliwa na vijana wa sheha. Sina shaka lilikuwa la hali ya hewa kweli. Ila swali la mzee nililala nalo na kuamka nalo wiki kadhaa, kwa sababu kila nililosoma baadaye kuhusu majeshi na maputo lilinirudisha hapo. Wenye rada na wenye ndege za kivita nao huanzia pale pale: kitu kipo, kimeandikwa jambo, na aliyekiandika ana sababu zake.

Kila mtu husema hali ya hewa

Mara mbili kwa siku, karibu na saa tisa usiku na saa tisa mchana kwa saa zetu, mamia ya vituo duniani hurusha maputo. Vituo vingi vya Afrika haviwezi kuimudu ratiba hiyo, lakini ndiyo iliyowekwa. Puto la mpira hupanda kwa kiasi cha saa mbili, likizidi kuvimba kadiri hewa ya nje inavyopungua, hupita kilomita 30, kisha hupasuka. Kidude kilichoning'inia hushuka popote Mungu atakapokishusha. Njiani kimeshatuma joto, unyevu na mahali kilipo, na kule kusogea kwake ndiko kunakotaja mwendo wa upepo. Unaposikia redioni kuwa kusi litakuwa kali na vyombo vidogo visitoke, ujue kazi ya vidude hivyo imo.

Kwa hiyo ukiona kitu cheupe juu, kukisia kwamba ni cha hali ya hewa ni kukisia vizuri.

Ndivyo ilivyosema Beijing. Puto lililoingia anga ya Alaska Januari 28, 2023, likapita Kanada, likashuka Idaho hadi Montana, lilikuwa, kwa kauli ya China, chombo cha kiraia cha utafiti wa hali ya hewa kilichopotezwa na upepo. Lilikuwa na urefu wa futi 200 hivi. Mzigo wake maofisa wa Marekani walisema unakaribia ukubwa wa ndege ya abiria ya safari fupi, na uzito wake ulipita paundi 2,000. Washington haikuamini neno hata moja. Waziri wa Mambo ya Nje, Antony Blinken, akaahirisha safari yake ya China.

Na mimi sikuamini, ila niliposoma habari za mwaka 1956 ndipo nikajua kwa nini Wamarekani walikuwa wepesi wa kutoamini.

Januari mwaka huo jeshi lao la anga lilianza kurusha maputo yenye kamera kutoka Uskochi, Norwei, Ujerumani Magharibi na Uturuki, yabebwe na upepo kupita juu ya Umoja wa Kisovieti na China, kisha yadakwe upande wa pili. Mradi uliitwa Genetrix. Yalirushwa zaidi ya 500. Yaliyorudi na picha hayakufika 50. Na maelezo waliyopewa watu? Utafiti wa hali ya hewa.

Wasovieti waligundua kitu ambacho mvuvi yeyote anayetoka alfajiri angekielewa haraka: usiku gesi hupoa, puto hushuka, na jua linapochomoza bado liko chini ya kimo chake cha mchana. Marubani wa ndege zao za kivita, MiG, wakawa wanayasubiri saa hiyo. Februari wakaita waandishi wa habari Moscow, wakayatandaza mabaki. Mwezi huo huo mradi ulisimamishwa.

Basi maneno "hali ya hewa" hayampi mwanajeshi msaada wowote. Mara nyingi ni kweli. Zile mara chache ambazo ni uongo, uongo huo umechaguliwa kwa sababu kweli yenyewe ipo angani kila siku.

Mzee wa Tumbe hakuwa amesoma habari za Genetrix. Alifika mwenyewe.

Tunguu

Au pengine hakufika mwenyewe. Umri wake unamruhusu kukumbuka Tunguu.

Wasomaji wa Unguja wanaijua habari, hivyo sitaieleza yote. Kwa makubaliano ya mwaka 1960, Marekani iliweka Tunguu, Unguja, kituo cha kufuatilia vyombo vya anga vya Mercury, mradi wake wa kwanza wa kurusha watu angani, na mwanaanga wake John Glenn alipoizunguka dunia Februari 20, 1962, Zanzibar ilikuwa katika mlolongo wa vituo vilivyompokea na kumkabidhi kwa vituo vya mbele. Siasa za wakati ule zilikipinga kituo. Wapinzani wake walisema ni mlango wa maroketi ya kivita. Baada ya Mapinduzi, serikali mpya ikataka kiondoke, na mwaka 1964 kikabomolewa.

Nimekua nikisikia hadithi hiyo ikisimuliwa kwa kicheko: wazee wetu waliogopa antena. Siku hizi sicheki sana. Kituo kilikuwa cha kiraia kweli. Lakini roketi iliyompandisha Glenn, Atlas, iliundwa kwanza kuwa kombora la kuvuka mabara, ndipo ikawekwa mtu kichwani. Mtu wa Tunguu aliyesema "hawa na makombora ni kitu kimoja" alikosea kuhusu kilichokuwepo kijijini kwake, na hakukosea kuhusu ukoo wa kitu chenyewe.

Na hapo ndipo penye ugumu. Vyombo hivi havina sura ya kijeshi na sura ya kiraia. Vina mwenyewe na nia yake, na nia haipigwi picha.

Tundu la nyavu

Nilidhani tatizo la majeshi ni kwamba hayaoni. Nilivyozidi kusoma nikaona kwamba yanaona mno.

Rada hupokea mwangwi wa kila kitu: ndege wa porini, wingu, mvua. Ili askari anayeangalia skrini asipagawe, mitambo hupangwa kuvitupa vitu vya polepole na vidogo na kubakisha vinavyokwenda kwa kasi, maana adui anayeogopwa ni ndege na kombora. Puto huenda na upepo. Ngozi yake nyembamba hairudishi mwangwi mwingi. Linatupwa pamoja na bundi.

Jenerali Glen VanHerck, aliyekuwa mkuu wa NORAD, kamandi ya pamoja ya Marekani na Kanada ya kulinda anga, alikiri hadharani Februari 2023 kwamba maputo mengine ya China ya kabla ya lile hawakuyaona yalipopita. Taarifa zake zilipatikana baadaye kwa njia za kijasusi. Basi baada ya tukio wakabadilisha mipangilio, rada zikaanza kubakisha vya polepole na vidogo.

Wavuvi wetu wanajua nini hutokea ukipunguza tundu la nyavu. Hupati samaki wakubwa zaidi. Unapata dagaa, majani na viatu.

Februari 10 walidungua kitu karibu na Deadhorse, Alaska. Februari 11, kingine juu ya Yukon, Kanada. Februari 12, kingine juu ya Ziwa Huron, na hapo kombora la kwanza lilikosa shabaha, likapigwa la pili. Siku tatu mfululizo. Nakumbuka hapa kwetu watu walitumiana video za viumbe wa sayari nyingine. Lisemwalo lipo, wakasema. Kombora moja la aina ile liligharimu zaidi ya dola 400,000.

Februari 16 Rais Biden akasimama akasema kwamba, kwa walivyojua, vitu vile vitatu huenda vilikuwa maputo ya kampuni binafsi, ya burudani au ya taasisi za utafiti. Kule Illinois klabu moja ya watu wanaorusha vijiputo vya redio kwa kujifurahisha ilitangaza kwamba chao kimoja, kilichokuwa kikipita pwani ya Alaska siku zile zile, kimenyamaza. Hakuna aliyethibitisha kwamba ndicho kilichopigwa. Mabaki ya vile vitatu yalitafutwa, kisha utafutaji ukasitishwa.

Anga ya Februari 12 ilikuwa ile ile ya Januari. Kilichobadilika ni wanachokubali kukiona, na kila walichokiona wiki ile kilishakuwa na jina la adui kabla hakijatazamwa.

Kutazama kwenyewe si jambo dogo. Ndege ya kivita haiwezi kusimama hewani. Inapita kwa mamia ya kilomita kwa saa kando ya kitu kilichotulia, na rubani ana sekunde chache za kuamua kama alichokiona kina kamba, kina boksi, kina chochote. Kwa lile puto kubwa walituma U-2, ndege ya zamani ya upelelezi ipaayo juu sana, ikalipita kwa juu na kulipiga picha Februari 3. Wakahesabu antena. Wakapima paneli za sola na kujiuliza: umeme wote huu wa nini? Kipimajoto hakili umeme kiasi hicho. Wakafuata njia ya upepo kinyumenyume hadi kisiwa cha Hainan.

Hoja nzuri, nikafikiri. Antena nyingi, sola kubwa, kimo cha futi 60,000 na kuendelea: jasusi huyo.

Kisha nikakumbuka Kenya. Julai 2020 maputo ya Loon, ya kampuni mama ya Google, yalianza kutoa intaneti kwa wateja wa Telkom Kenya. Yalikaa kilomita 20 hivi juu ya ardhi, kimo kile kile. Yalikuwa na antena. Yalikuwa na paneli za sola. Yalirushwa upande wa Marekani yakaja Afrika Mashariki kwa kupanda na kushuka kutafuta upepo unaokwenda yanakotaka. Mradi ulifungwa mwaka 2021 kwa kukosa faida. Mwaka huo huo wa 2021 kampuni ya World Mobile ikatangaza mpango wa kuweka maputo ya intaneti ya kufungwa kamba hapa hapa Zanzibar.

Maputo ya Loon yalikuwa na kibali cha mamlaka za anga, ndiyo tofauti. Lakini hebu jiweke kwenye kiti cha askari ambaye hana karatasi ya kibali mkononi. Angeona nini?

Mchanga usio na matumbawe

Kuna kisa kimoja cha kutambua puto ambacho kinanipendeza kuliko vyote, na bahati mbaya kina maiti ndani yake.

Kuanzia Novemba 1944 hadi Aprili 1945 Japani ilirusha maputo zaidi ya 9,000 ya karatasi, yamejazwa haidrojeni na kubeba mabomu, yavuke Pasifiki kwa upepo mkali wa juu na kuiangukia Amerika. Ili yasishuke usiku yalikuwa yanajipunguzia uzito yenyewe, yakidondosha mifuko ya mchanga miwili miwili. Yaliyopatikana Amerika ni kama 300.

Wamarekani hawakujua yanatoka wapi. Wengine walishuku yanarushwa na wajerumani waliofungwa kambini huko huko Marekani, au kutoka manowari iliyojificha pwani. Mifuko ya mchanga ikapelekwa kwa wanajiolojia wa kijeshi. Hao wakaweka mchanga chini ya hadubini wakausoma: madini yake, maganda ya vijidudu vya baharini vilivyomo. Na wakaona kisichokuwepo. Hapakuwa na chembe ya matumbawe. Kwa hiyo si pwani ya kusini ya Japani, ni kaskazini zaidi. Wakakaza duara hadi fukwe chache, mojawapo karibu na Ichinomiya, ambako kweli palikuwa na kituo cha kurushia.

Mtu aliyekulia Pemba, ambako mchanga mweupe ni matumbawe yaliyosagwa, anaweza kukaa na kisa hicho jioni nzima.

Ila serikali ilipojua, ilinyamaza. Tangu Januari 1945 vyombo vya habari viliombwa visiandike chochote, ili Japani isijue kama maputo yanafika. Kwa jicho la kijeshi ilikuwa hesabu sahihi: Japani haikupata habari ikadhani jambo limeshindikana. Mei 5, 1945, karibu na Bly, Oregon, mama mjamzito na watoto watano waliokwenda msituni matembezini wakakuta kitu kimelala chini. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba vitu hivyo vipo. Kikalipuka, wakafa wote sita. Ndipo katazo likaondolewa.

Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi kuliko kurasa nyingine. Kijana wa Tumbe aliambiwa afute picha, na sote tulikubali kwa kichwa. Ndio malezi yetu: la serikali usilishike mdomoni. Na wakati huo huo boksi lilikuwa juu ya meza, watoto wakilichokoa kwa kidole.

Kungoja

Sasa tufike kwenye risasi, maana ndipo kila mtu anapotaka kufika.

Puto kubwa si rahisi kuangusha. Agosti 1998 puto la utafiti la Kanada lilikataa kushuka, likaelekea Atlantiki kwenye njia za ndege za abiria. Ndege mbili za kivita za Kanada, CF-18, zikalifyatulia risasi zaidi ya 1,000 karibu na Newfoundland. Likaendelea na safari, likaja kutua Ufini. Sababu ni kwamba ndani ya puto la namna hiyo hakuna mgandamizo wa kulipasua. Tundu la risasi huvujisha gesi taratibu mno, kwa siku nyingi.

Kwa hiyo Februari 2023 walitumia kombora. Lakini kabla ya kombora walingoja, na kungoja huko ndiko kulikoniteka. Rais aliamuru Februari 1 lipigwe. Majenerali wakamshauri asubiri lifike baharini, kwa kuwa mabaki ya uzito wa karibu tani moja yangeanguka juu ya watu. Siku hiyo hiyo raia wa Billings, Montana, waliliona kwa macho na kulipiga picha, na kuanzia hapo kila saa ya kungoja ikawa aibu ya kisiasa. Wabunge wakafoka. Kwenye kambi za kijeshi zilizokuwa njiani hatua zikachukuliwa kuficha cha kufichwa, na jeshi likawa linalichunguza puto huku puto likidhaniwa kulichunguza jeshi.

Februari 4 lilipotoka juu ya pwani ya South Carolina, anga ikafungwa, ndege ya kivita F-22 ikapanda futi 58,000 ikapiga kombora moja. Mabaki yalianguka kwenye maji ya futi 47 tu, kina ambacho wapiga mbizi wetu wangekifanyia mzaha. Juni mwaka huo msemaji wa Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani, alisema wanaamini puto halikukusanya taarifa lilipokuwa juu ya Marekani.

Basi zile siku za kungoja hazikuwapotezea kitu. Nasema hivyo sasa, nikiwa nimekaa kivulini. Februari ile nilikuwa miongoni mwa waliouliza mbona wanachelewa.

Nchi zisizo na F-22 zilifanyaje? Wakati huo huo puto jingine la China lilikuwa juu ya Amerika ya Kusini. Jeshi la anga la Kolombia liliona kitu Februari 3, futi 55,000, likakifuatilia hadi kilipotoka kwenye anga yao, likatangaza kwamba hakikuwa tishio kwa usalama wa taifa wala wa ndege. Wakaenda kulala. Hiyo nayo ni operesheni ya kijeshi, na kama ningeambiwa nichague mwalimu wa nchi yetu kwenye somo hili ningemchagua huyo.

Korea Kusini iliamua hivyo hivyo ikiwa na silaha tele. Mei 2024 Korea Kaskazini ilianza kuirushia maputo ya takataka. Seoul haikuyapiga. Iliyaacha yaanguke, ikatuma wataalamu wa mabomu na wa kemikali kuyaokota, ikawatumia raia ujumbe kwenye simu: usiguse, piga namba hii. Kupiga hewani kungetawanya kilichomo kabla hawajakijua.

Lithuania, mwaka 2025, ikakuta yake ni ya sigara. Wafanya magendo wa Belarusi wanafunga katoni kwenye maputo na kuyaachia upepo uyavushe mpaka, na uwanja wa ndege wa Vilnius ukafungwa mara kadhaa kwa sababu hiyo. Wapemba mliokua zama za magendo ya karafuu, msicheke. Mngekuwa na heliamu mngefanya hivyo hivyo.

Karatasi ya Mei

Nimebakisha kisa ambacho sikukitafuta, kilinijia nikitafuta kingine.

Septemba 1995, mashindano ya maputo ya gesi ya Gordon Bennett yalianza Uswisi. Haya ni maputo ya kubeba watu, wanaokaa ndani ya kikapu siku kadhaa na kushindana nani atakwenda mbali. Septemba 12, moja lililobeba Wamarekani wawili liliingia Belarusi. Helikopta ya kivita ilitumwa. Wanajeshi wanasema walijaribu kuwasiliana, hawakujibiwa, na puto lilikuwa likisogelea kambi ya kijeshi. Wakalipiga. Wote wawili wakafa.

Wenzao wawili wawili kwenye maputo mengine walitua salama siku hiyo hiyo, wakatozwa faini ya kukosa viza.

Nilikaa sana kwenye jambo moja. Waandaaji walikuwa wameshaiarifu Belarusi kuhusu mashindano tangu Mei. Miezi minne. Jina la mashindano, tarehe, kwamba maputo yanaweza kupita: vyote vilikuwa vimeandikwa na kupelekwa. Rada iliona. Macho yaliona. Hata silaha haikukosa shabaha. Mlolongo mzima wa kutambua ulifanya kazi isipokuwa karatasi moja iliyokuwa kwenye ofisi moja na haikuwa kwenye kiti cha aliyeshika kifyatulio.

Tangu Mkataba wa Chicago wa 1944 kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga yake, na tangu 1984 nchi zimekubaliana kuandika ndani yake kwamba silaha isitumike dhidi ya ndege ya kiraia iliyo angani. Sheria ipo. Maputo mepesi ya hali ya hewa yana kanuni zake, vibali vipo, taarifa hutolewa. Yote haya ni maandishi, na mzee wa ndoo ana haki ya kuyatilia shaka. Lakini jeshi lenye maandishi linaweza angalau kuyapima na kilichoko juu: limeruhusiwa nani, lini, kutoka wapi, upepo unaelekea wapi leo.

Kwa hiyo nikikutana na mtu wa ulinzi wa anga, sitamuuliza tuna makombora mangapi, wala hanijibu. Nitamuuliza hivi: puto likirushwa Dar es Salaam saa tisa mchana, na boksi lake likaokotwa kaskazini ya Pemba kesho alfajiri, sheha anapiga simu namba gani, anapokea nani, na huyo anayepokea ile taarifa ya Dar ameshaiona au bado iko mezani kwa mtu?